Taka za mavuno zaweza kusafisha maji, lakini nani atagharamia?

KILA msimu wa mavuno nchini huacha nyuma marundo ya taka ambazo mkulima hana haja nazo. Magunzi ya mahindi Trans Nzoia na Uasin Gishu, makapi ya mpunga Mwea, maganda ya makadamia Murang'a na Embu, makapi ya miwa katika ukanda wa sukari, pamoja na vifuu vya nazi Kilifi na Kwale, aghalabu huishia mekoni, shimoni au kwenye moto wa kuteketeza takataka.

Wakati huo huo, maji ambayo taifa linayategemea yanazidi kuchafuliwa. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Unapomaliza kuvuka mitaa ya jiji kuu na kupita karibu na jaa la Dandora, huwa umebeba majitaka, mafuta ya gereji, rangi na kemikali za kila aina.

Uchafu huo hauishii jijini. Mto huo huungana na Mto Athi, ambao huteremka hadi Pwani kwa majina ya Galana na Sabaki na kumwaga maji yake katika Bahari Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Kinachomwagwa mtaroni Nairobi ni shida ya mkulima wa Makueni na ya mvuvi wa Malindi pia.

Kenya ni miongoni mwa mataifa yenye uhaba wa maji, kwani kiasi kinachopatikana kwa kila mwananchi kwa mwaka ni chini ya mita 1,000 za ujazo, kipimo ambacho wataalamu hukitumia kutambua nchi zilizopungukiwa. Kwa nchi kama hiyo, kuchafua mto ni kumwaga akiba.

Kwa miaka mingi sasa watafiti wamekuwa wakipendekeza kwamba matatizo haya mawili, taka za mashambani na uchafu wa maji, yanaweza kutatuana. Taka zikichomwa kwa utaratibu maalumu hugeuka kuwa kaboni amilifu, aina ya makaa yenye uwezo mkubwa wa kunasa sumu zilizoyeyuka majini.

Pendekezo hilo lina mashiko, na sayansi yake haina utata. Hata hivyo, namna linavyoelezwa mara nyingi, kana kwamba magunia ya makaa yatatosha kuirejesha mito katika hali yake ya zamani, inaweza kulipotosha taifa. Kinachofaa kuulizwa ni makaa hayo yawekwe wapi, nani ayakague, na nani abebe gharama yake.

Makaa yanayonasa sumu

Kaboni amilifu si makaa ya jikoni. Utengenezaji wake hupitia hatua mbili. Kwanza, taka zilizokaushwa huchomwa ndani ya tanuri lisiloingiza hewa, kwa joto la kati ya nyuzi 400 na 700 za Selisiasi, hadi gesi na unyevu vitoke na kubaki makaa.

Kisha makaa hayo huamilishwa. Hupitishiwa mvuke wa maji kwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000, mvuke ambao hula sehemu ya makaa na kuchimba ndani yake vinyweleo visivyohesabika. Njia nyingine ni kuziloweka taka katika kemikali kama vile asidi ya fosforasi kabla ya kuzichoma, na hapo joto linalohitajika huwa la chini zaidi.

Vinyweleo hivyo ndivyo chanzo cha uwezo wake. Gramu moja ya kaboni nzuri, ambayo haijazi kijiko cha chai, huweza kuwa na uso wa ndani unaozidi mita 1,000 za mraba. Kwa hesabu hiyo, gramu saba hivi hutosha kuulingana uwanja mzima wa kandanda. Rangi, mabaki ya dawa za kuua wadudu na kemikali zinazoyapa maji harufu mbaya hunata kwenye uso huo jinsi ndege anavyonata kwenye ulimbo.

Elimu hii si ngeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanakemia Raphael von Ostrejko alipata hataza za mbinu za kuamilisha makaa. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, makaa ya aina hiyo yalitiwa katika barakoa za kuwakinga askari dhidi ya gesi za sumu. Mnamo 1918 raia wa Marekani waliombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda ya njugu ili vitumiwe kutengenezea makaa hayo, sambamba na vifuu vya nazi.

Jamii za humu nchini nazo zimetambua tangu jadi kwamba kaa la mti lina faida zaidi ya kupikia. Wakalenjin husugua ndani ya vibuyu vya mursik kwa kaa la miti maalumu, ukiwemo senetwet, ili maziwa yahifadhike na kupata ladha yake. Huo ni ujuzi tofauti, kwa kuwa kaa hilo halijaamilishwa, lakini unaonyesha kwamba wazo la kutegemea makaa ili kulinda kinachonywewa si geni kwa Mkenya.

Si dawa ya kila uchafu

Ni muhimu kutambua mipaka ya makaa haya kabla ya kuyasifu. Kaboni amilifu hufanya kazi vyema dhidi ya kemikali zitokanazo na viumbe na mafuta: rangi za nguo, dawa za mimea, harufu na ladha mbaya. Vilevile, ikiandaliwa kwa namna inayofaa, hunasa kiasi fulani cha metali nzito kama risasi na zebaki.

Hata hivyo, haiui viini vya maradhi. Mwananchi anayeyapitisha maji ya kisima kilichochafuliwa na choo kwenye chujio la makaa, akaona yametoka maangavu yasiyo na harufu, bado anaweza kuugua kipindupindu. Mlipuko uliotangazwa nchini mwishoni mwa 2022 ulikumbusha kwamba kipindupindu hakijawa historia. Isitoshe, chujio lililotumiwa muda mrefu bila kubadilishwa linaweza kugeuka maskani ya bakteria.

Mpangilio wa usafishaji nao una maana kubwa. Kaboni hunasa pia klorini. Kwa hivyo, anayetia dawa ya klorini majini kisha akayapitisha kwenye makaa huwa anaiondoa kinga aliyoiweka. Utaratibu unaofaa ni kuchuja tope kwanza, kupitisha maji kwenye kaboni, kisha kutia dawa au kuyachemsha mwishoni.

Aidha, makaa ya mimea hayasaidii sana katika Bonde la Ufa, ambako maji ya visima vingi yana floridi iliyopita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Floridi hiyo hutia meno madoa ya kahawia na, ikizidi sana, huharibu mifupa. Huko kilichosaidia ni makaa ya mifupa ya mifugo, teknolojia ambayo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru iliiendeleza na kuisambaza kupitia mradi wake wa ubora wa maji.

Mfano huo wa Nakuru una funzo. Mradi ulianza kwa kutambua sumu iliyokuwamo majini, kisha ukatafuta makaa yanayoifaa. Mradi unaoanza na taka zilizopo, halafu ukatafuta maji ya kujaribia, huwa umepanda mgongo wa punda kinyumenyume.

Mto hautibiwi kwa makaa

Hesabu rahisi inaweza kuonyesha kwa nini kaboni haiwezi kuwa tiba ya mto mzima. Mto unaopitisha mita moja tu ya ujazo kwa sekunde hupitisha mita 86,400 za ujazo kwa siku, yaani lita zaidi ya milioni 86.

Tuseme kila mita ya ujazo itiwe gramu 20 za kaboni, kipimo kidogo ambacho mitambo ya maji ya kunywa huweza kukitumia kwa maji ambayo hayajachafuka sana. Zitahitajika takriban tani 1.7 za kaboni kila siku. Kwa vile huhitajika karibu tani 10 za vifuu kupata tani moja ya kaboni, mto huo mmoja ungekula tani 17 za vifuu kwa siku. Hapo bado haijazingatiwa kwamba mto uliobeba majitaka na tope ungeyaziba makaa hayo kwa muda mfupi.

Sasa linganisha na mlango wa kiwanda. Kiwanda kidogo cha kutia nguo rangi kinachomwaga lita 20,000 kwa siku humwaga mita 20 tu za ujazo. Hata kama maji hayo yangehitaji kilo nzima ya kaboni kwa kila mita ya ujazo, mara 50 ya kipimo cha awali, kiwanda kingetumia kilo 20 kwa siku. Hicho ni kiasi cha kubebwa kwa mkokoteni.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala hili. Sumu ikiwa bado bombani mwa aliyeitengeneza, huwa kidogo, inajulikana ni ya aina gani na ina mwenyewe. Ikishaingia mtoni, huchanganyika na nyingine mia, husambaa na kukosa mwenyewe. Kaboni amilifu inafaa mahali pawili: pale uchafu unapotokea, na pale maji yanapokaribia kinywa cha mnywaji. Katikati, mtoni, haina nafasi.

Mzigo wa gugumaji

Hakuna mmea unaotajwa zaidi katika mapendekezo ya aina hii kuliko gugumaji linaloziba Ziwa Victoria. Tangu lilipoingia sehemu ya Kenya ya ziwa hilo mapema katika miaka ya 1990, limewafungia wavuvi njia, likakwamisha boti na kuwapa mbu na konokono makao. Wadudu waliotolewa kulila walilipunguza mwishoni mwa mwongo huo, lakini limekuwa likirejea kila mara.

Ni rahisi kuona kwa nini wazo la kulivuna na kuligeuza makaa linapendeza. Lakini gugumaji ni maji matupu kwa zaidi ya asilimia 90. Anayevuna tani 10 hubakiwa na chini ya tani moja baada ya kulikausha. Akilichoma atapata takriban kilo 300 za makaa, na akiyaamilisha huenda akabakiwa na nusu ya kiasi hicho.

Kwa maneno mengine, lori zima la gugumaji bichi hutoa magunia machache tu ya kaboni. Ikiwa lori hilo litasafirishwa kwa dizeli hadi kiwanda cha mbali, gharama itaimeza faida kabla ya tanuri kuwashwa. Mradi wa namna hiyo unaweza kufaulu tu iwapo mmea utakaushwa kwa jua papo hapo ufukweni na kuchomwa karibu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Gugumaji lenyewe hufyonza metali nzito kutoka majini. Likivunwa mahali palipochafuliwa, metali hizo hubaki katika makaa na majivu yake. Bila kupimwa, mtu anaweza kujikuta akiyasafisha maji kwa kitu kilichobeba sumu ile ile anayoikimbia.

Vifuu, maganda na mathenge

Kwa upande mwingine, zipo taka ambazo hesabu yake inaeleweka zaidi. Vifuu vya nazi vinasifika duniani kote kwa kutoa kaboni ngumu yenye vinyweleo vidogo mno, isiyosagika ovyo ndani ya chujio. Huko Pwani vifuu hutumika kama kuni, hutengenezewa upawa na vifungo, na vingi hutupwa.

Maganda ya makadamia nayo ni magumu na makavu, na yana faida moja kubwa: tayari yamekusanyika. Makadamia zinapobanguliwa nchini, maganda hubaki yamerundikana katika viwanda vichache, tofauti na magunzi ambayo yametawanyika katika maelfu ya mashamba madogo. Katika biashara ya taka, gharama kubwa haiko katika taka zenyewe bali katika kuzikusanya.

Makapi ya miwa yana mshindani. Viwanda vya sukari huyachoma kwenye matanuri yao ili kupata mvuke na umeme. Kuyaondoa huko bila mpango ni kukilazimisha kiwanda kutafuta kuni, na huko ni kuhamisha tatizo kutoka mtoni hadi msituni.

Upo pia mti wa mathenge, ulioenezwa Baringo katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, lakini ukageuka janga katika malisho ya Baringo, Garissa, Tana River na Turkana. Itakumbukwa kwamba katika miaka ya 2000 wakazi wa Baringo walifika mahakamani na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mti huo, wakidai fidia kutoka kwa serikali. Mti huo hutoa makaa mazuri, na kuukata ni kuirejesha ardhi kwa mfugaji.

Hata hivyo, hapa tahadhari inahitajika. Mkaa ukishatiwa gunia, hakuna ajuaye kwa kuutazama kama ulitokana na mathenge, na kifuu au na mti wa asili. Mnamo Februari 2018 serikali ililazimika kusitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa sababu uharibifu ulikuwa umekithiri. Soko jipya la kaboni lisilo na udhibiti linaweza kuwapa wakataji haramu kisingizio kipya.

Somo kutoka Sri Lanka

Wanaodhani kwamba biashara hii ni ndoto wanafaa kuitazama Sri Lanka. Taifa hilo la kisiwani, linalolima minazi kama Pwani ya Kenya, limejenga viwanda vya kaboni amilifu vinavyouza bidhaa hiyo kote duniani. Kampuni ya Haycarb, iliyoanzishwa mwaka 1973, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kaboni ya vifuu.

Wanunuzi wake si mashirika ya maji pekee. Kaboni hutumiwa kuondoa rangi katika sukari, kusafisha vinywaji na hewa, na katika migodi ya dhahabu. Wachimbaji wanaotumia sianidi kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe hutegemea kaboni ya vifuu kuinasa dhahabu hiyo.

Hapa ndipo fursa ya Kenya inapoonekana. Kutoka Migori hadi Geita nchini Tanzania kuna uchimbaji wa dhahabu, na viwanda vya sukari na vya vinywaji viko katika eneo zima la Afrika Mashariki. Kiwanda cha Pwani hakihitaji kusubiri mwanakijiji maskini anunue chujio ndipo kipate soko. Wateja wenye uwezo wanaweza kukiweka hai, nalo chujio la nyumbani likapatikana kwa bei nafuu kwa kuwa tanuri tayari linawaka.

Msafishaji asiwe mchafuzi

Utengenezaji wa kaboni nao una madhara yake. Kuchoma vifuu katika mashimo ya wazi hutoa moshi mzito na gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo huua bila harufu. Matanuri bora huirudisha gesi hiyo ndani iungue, na joto lake hutumika kukaushia taka au kuzalisha umeme.

Njia ya kemikali ina hatari zaidi. Kaboni iliyolowekwa katika asidi au katika kloridi ya zinki lazima ioshwe mara nyingi kabla ya kutumika. Ikiwa maji ya kuoshea yatamwagwa mtaroni, kiwanda cha kusafisha maji kitakuwa kimeyachafua. Kwa mafundi wa jua kali, njia ya mvuke ndiyo yenye usalama, ingawa inahitaji joto kali na tanuri imara.

Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: makaa yakishashiba sumu, hupelekwa wapi? Sumu iliyonaswa haijatoweka. Imehama tu kutoka majini hadi kwenye makaa. Mitambo mikubwa huyachoma tena kwa joto kali ili yatumike upya. Mahali pasipo na mitambo hiyo, kishawishi ni kuyatupa jaani.

Nairobi inajua matokeo ya tabia hiyo. Uchunguzi uliofadhiliwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) na kutolewa mwaka 2007 uligundua viwango vya juu vya risasi na metali nyingine kuzunguka jaa la Dandora, na watoto wengi waliopimwa walikuwa na risasi nyingi kupindukia katika damu yao. Makaa yaliyobeba kromiamu ya kiwanda cha ngozi yakitupwa katika jaa kama hilo, mvua ya masika itayarudisha mtoni.

Weusi wa makaa si cheti

Changamoto nyingine ni ubora. Katika maabara, watafiti wengi hupima kaboni zao kwa maji yaliyotiwa rangi moja tu, mara nyingi rangi ya buluu ya methilini, na kupata matokeo ya kutia moyo. Mto au bomba la kiwanda halina rangi moja. Lina sabuni, mafuta, chumvi na metali zinazogombea vinyweleo vile vile. Kaboni iliyofaulu darasani inaweza kufeli mtaroni.

Sokoni mambo ni magumu zaidi. Makaa yaliyoamilishwa na ya kawaida yote ni meusi. Mama anayenunua chujio Kibera au Kisauni hana namna ya kutambua kama aliyemuuzia amemuuzia kaboni au vumbi la mkaa wa kupikia. Wala hana dalili ya kumwonyesha siku ambayo chujio lake limeshiba na kuacha kufanya kazi.

Vipimo vya kumlinda vipo na havina gharama kubwa. Kimojawapo hupima ni miligramu ngapi za iodini zinazonaswa na gramu moja ya kaboni. Kaboni ya vifuu inayouzwa kwa ajili ya maji huwa na kipimo cha kati ya 900 na 1,100. Mkaa wa jikoni haufikii hata karibu. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) likishirikiana na Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda (KIRDI) linaweza kuhakikisha kwamba kila mfuko unaouzwa kwa jina la kaboni ya maji una kipimo hicho pamoja na tarehe ya kuubadilisha.

Nani alipe?

Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, nacho kifungu cha 43 kinampa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira (NEMA), inatambua kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliwataka wanaomwaga majitaka kwenye mito wawe na leseni na watimize viwango.

Sheria, kwa hivyo, hazijakosekana. Kilichopungua ni utekelezaji. Kampeni za kuusafisha Mto Nairobi zimekuja na kupita, kuanzia juhudi za aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, hadi Tume ya Mito ya Nairobi iliyobuniwa mwaka 2022 katika utawala wa Rais William Ruto. Kila mara kingo husafishwa na miti kupandwa, lakini mabomba ya siri yakiachwa, uchafu hurejea.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Kiwanda kilianza kazi 2007 na kufungwa 2014. Mnamo 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo 2023, na ni Desemba 2024 ambapo Mahakama ya Juu iliurejesha. Muda wote huo, hakuna hukumu iliyoweza kuiondoa risasi katika damu ya mtoto.

Tukio hilo linathibitisha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Serikali inayoogopa kukisumbua kiwanda leo hulipa mabilioni kesho. Ikilinganishwa na fidia hiyo, kilo 20 za kaboni kwa siku ni senti.

Tatizo ni kwamba, miradi mingi ya makaa ya mimea inapozungumziwa, anayetarajiwa kununua chujio, kulibadilisha na kulitupa ni mkazi wa mtaa wa mabanda, ilhali aliyemwaga sumu haulizwi chochote. Teknolojia nzuri ikitumiwa hivyo hugeuka ushuru kwa mnyonge. Humwambia aliyeonewa kwamba usalama wake ni jukumu lake.

Kinachowezekana

Njia bora haihitaji miujiza. Mosi, NEMA inafaa kukifanya kipengele cha kunasa kemikali kuwa sharti la leseni kwa viwanda vinavyomwaga rangi, dawa na metali, na kuvikagua bila kuvipa taarifa mapema. Sharti hilo pekee litaunda soko la kaboni ambalo ruzuku za wafadhili zimeshindwa kuliunda.

Pili, kaunti ambazo Katiba imezikabidhi jukumu la huduma za maji zinaweza kununua kaboni kutoka kwa vyama vya ushirika vya wakulima wake zenyewe: vifuu vya Kilifi na Kwale, maganda ya Murang'a na Embu, mathenge ya Baringo. Mkulima atakuwa na sababu ya kukusanya taka zake, na chanzo cha kila gunia kitajulikana.

Tatu, pasitolewe kibali cha kuuza kaboni bila mpango wa kuikusanya ikishatumika. Sheria ya kudhibiti taka ya mwaka 2022 tayari inawawajibisha wazalishaji kwa bidhaa zao hata baada ya kuuzwa. Kaboni iliyoshiba sumu inafaa kuwa ya kwanza kuwekwa chini ya sheria hiyo.

Nne, wananchi waelezwe ukweli. Chujio la makaa litaondoa harufu na kemikali nyingi, lakini maji bado yanafaa kuchemshwa au kutiwa dawa. Kampeni inayolificha jambo hilo ili kuuza vyujio vingi itawaletea watu maradhi waliyodhani wameyaepuka.

Wakulima wa Kenya wanazo taka za kutosha, na vyuo vikuu vinao ujuzi wa kuzigeuza. Iwapo kiwanda kilicho ukingoni mwa mto kitaendelea kumwaga usiku kile ambacho mama wa mtaa wa chini anajaribu kukichuja mchana, hakuna kifuu wala gunzi litakalotosha. Kazi ya kwanza, kabla ya tanuri lolote kuwashwa, ni kuliziba bomba hilo au kumlazimisha mwenyewe aweke makaa kwenye mdomo wake kwa gharama yake.